Mwalimu wa Zamu Mezani

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Nkirote ameondoka. Gari la shirika lilipiga honi langoni kabla jua halijawa kali, akapanda, akarudi Dagahaley kwenye kliniki yake. Mke wangu ni muuguzi. Huko kwenye kambi ya wakimbizi anatibu watoto wa watu, na wetu wawili ameniachia mimi hapa Waberi, mjini Garissa, kwa kuwa mimi ni mwalimu na shule zimefungwa.

Kabla ya kupanda alimbeba Ciku. Nilidhani anamkumbatia. Kumbe anampima. Ana namna ya kushika mkono wa mtoto juu ya kiwiko kwa vidole viwili, ni mambo ya kazini. Akanyamaza. Kunyamaza kwa Nkirote nakujua.

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba Ciku amekonda. Kwamba atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Kwamba akimkuta hivi hivi, atawachukua wote wawili awapeleke kwa mama yake Nkubu, waanze muhula wa tatu huko kwenye baridi na maziwa. Akaongeza kwamba hiyo si adhabu. Hapo ndipo niliumia, aliposema si adhabu.

Nilimbebea mkoba hadi garini. Sikujitetea hata kidogo.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nyumba hii bila watoto siiwezi. Niliwahi kukaa Garissa mwaka mzima peke yangu kabla hawajaja. Nilikuwa nakula mkate nikiwa nimesimama na kubishana na redio. Sirudi huko.

Hivyo basi, mpango. Ciku atakula. Mimi Muriuki, mwalimu wa jiografia, ni mwalimu wa zamu mwenye jina pale shuleni. Nikipita kati ya meza za bwalo, mikono nyuma, hakuna mvulana anayebakiza hata punje ya maharagwe. Msichana wa miaka minne hatanishinda.

Jioni nilipika mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga. Ciku aliutazama, akaugusa kwa kidole kimoja, akauliza kama amemaliza.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Githeri, mahindi na maharagwe. Niliuweka jikoni tangu alfajiri, ukaiva vizuri, mahindi laini kabisa. Nilijipongeza mapema mno.

Nieleze utaratibu wa nyumba yangu, ili ijulikane kwamba kosa halikuwa la utaratibu. Kila mtoto ana sahani yake. Ya Ciku ni ya buluu, ya Mwiti ni ya njano. (Mwiti ana miaka miwili na ana jina la baba yake Nkirote, baada ya mjadala ambao nilishindwa.) Nawapakulia, wanakaa mezani, nami nasimama kwenye mlango wa jikoni nione wanavyokula. Mimi nakula mwisho, jikoni, wakishamaliza. Marehemu baba yangu alikula kwanza, peke yake, minofu yote laini, nasi tukingoja kitakachobaki. Niliapa kwamba wanangu watakula kabla yangu. Kiapo hicho nimekishika hata siku ambazo tumbo linanguruma mpaka Mwiti anageuka kuangalia.

Saa ya chakula cha mchana Ciku hakuonekana. Si chumbani, si msalani, si chini ya kitanda. Nikasikia kicheko chake upande wa pili wa ua wa mabati.

Upande wa pili anakaa jirani yetu Mulki, na mumewe Khalif anayeuza mifugo mnadani, na mama mkwe wake Ardo, na watoto. Kuna bati moja lililolegea ambalo mtoto anaweza kupenya. Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia. Wamekaa mkekani, Mulki katikati, sinia moja kubwa ya wali na nyama ya mbuzi mbele yao. Binti yangu yumo, amebanwa kati ya Mulki na Iftin, mtoto wa Mulki ambaye ndiye rafiki yake, mkono wa kulia umezama kwenye wali. Mulki alikuwa anamega ndizi na kuwagawia, na yeye mwenyewe anakula. Ciku alikuwa anatafuna kwa mashavu yote mawili. Sijamwona akitafuna hivyo maishani mwake.

Mulki aliniona. Akanyanyua mkono uliojaa wali na kunikaribisha. "Mwalimu, karibu chakula. Kuja, kuna nafasi."

Nikasema ahsante, nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Jioni Ciku alikataa githeri kwa neno moja, maya, ambalo ni hapana ya Kisomali. Sasa nakataliwa kwa lugha mbili.

Nimelichunguza jambo hili kwa utulivu. Siri ni ndizi. Na viungo.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Nilikwenda kwa Mulki kwa heshima zote, kupitia langoni, kuuliza anaweka nini kwenye wali. Hakuficha. Alinionyesha xawaash yao, ule unga wa bizari, iliki, karafuu na mdalasini ambao Ardo anasaga mwenyewe. Ardo hasemi Kiswahili kingi. Alinitazama toka juu hadi chini, akacheka, akanijazia kikopo.

Nilipokuwa natoka Mulki akanipa ushauri. Nauandika kama alivyosema: "Mwalimu, hii chakula nataka watu wengi. Mtu beke yake hakuna tamu."

Nilimwelewa mara moja. Sufuria ndogo haishiki viungo. Nikaazima sufuria yake kubwa ya sherehe, nikapika wali wa kutosha harusi.

Harufu ilikuwa yenyewe kabisa. Nikapakua kwa adabu. Ndizi niliikata vipande vilivyolingana nikavipanga ukingoni mwa sahani, duara kamili. Kwa Mulki wanamega tu ovyo, nikaona hapo ndipo nitakapomzidi. Nikarudi mlangoni, nikasimama, mikono nyuma.

Ciku aliuliza ni nani ameikata ndizi. Nikasema ni baba. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ale. Akala vijiko viwili huku akinitazama mimi badala ya sahani, kila kijiko akinitazama, kama mtu anayevuka barabara. Kisha akasema tumbo limejaa. Mwiti alikula ndizi zote, zake na za dada yake, na wali wake akautia kwenye kiatu changu.

Nilikula jikoni. Wali ulikuwa mtamu kweli. Uliobaki utatosha hadi Ijumaa.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Wali umetosha hadi Ijumaa.

Mpango wa leo naueleza bila kujisifu, maana matokeo hayaruhusu. Niliona kwamba mtoto aliyeshiba kwa jirani hawezi kuwa na njaa kwangu. Dawa ni kuziba njia. Nikachukua nyundo nikapigilia lile bati lililolegea kwa misumari ya kutosha nyumba nzima.

Khalif alikuwa anarudi kutoka swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, akanikuta kazini. Akaniuliza kwa upole kuna nini. Nikamwambia mbuzi wanaingia uani kwangu. Akafikiri kidogo. Akasema mbuzi wake wote wako malishoni, mbali na mji, na hajui jirani mwingine mwenye mbuzi. Akasema, "Bole sana, Mwalimu," na akajitolea kunishikia bati nikiendelea kupigilia. Akalishika mpaka mwisho. Sijawahi kuona aibu namna hiyo na nyundo mkononi.

Mchana Ciku alikwenda kwenye bati akasukuma. Halikusogea. Akasukuma kwa mgongo. Kisha akakaa chini mchangani. Chini ya bati kuna upenyo mdogo wa kupitisha mkono. Niliona vidole vya Iftin vimetokeza, na Ciku akavishika. Walikaa hivyo, bati katikati.

Niliingia ndani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baadaye Iftin alizunguka kupitia langoni na bakuli lililofunikwa. Mama yake amemtuma, wali wa Ciku na Mwiti. Nikamjibu kwamba watoto wamekula. Ciku alikuwa nyuma yangu na alisikia. Hajui kusema uongo bado, kwa hiyo alidhani nimesahau, akanikumbusha kwa sauti kwamba hawajala.

Jioni alikuja Ardo mwenyewe na fimbo yake, Iftin akitafsiri. Anauliza kama wametukosea. Kama ni hivyo tuwaambie, watengeneze. Nilikosa pa kuweka uso. Nilisema hapana, mama, ni mbuzi. Alipoondoka nikang'oa misumari yote, mmoja mmoja, na mmoja ukanichoma.

Nkirote alipiga simu. Nilikuwa nimemwandaa Ciku kwa biskuti mbili: akiulizwa amekula wapi, aseme nyumbani. Akaulizwa. Akasema, "Nyumbani kwa Iftin." Kisha akamweleza mama yake kwamba baba amempa biskuti ili aongee kwenye simu. Nkirote akanyamaza. Kunyamaza kwake kunasikika hata kutoka Dagahaley.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Matembezi. Fikira ilikuwa nzuri, na bado naamini ilikuwa nzuri. Nitawapeleka watoto mbali na sinia ya Mulki, watachoka, watasikia njaa, na chakula pekee kitakachokuwepo kitakuwa changu.

Nilimkodi Salah, kijana wa tuktuk anayekaa mtaa wa pili, atupeleke kule nje ya mji kwenye hifadhi ya twiga na kutungoja. Nilifunga chakula kwenye vibakuli vyenye vifuniko, kila mtu chake. Viazi vya nazi, mkate, mayai, maembe yaliyokatwa vizuri.

Upepo ulikuwa mkali, vumbi jekundu kila mahali. Twiga walikuja karibu kabisa, watatu na mtoto wao. Mwiti aliwaogopa, kisha akawapigia kelele, kisha akataka kumpeleka mmoja nyumbani. Ciku alisimama akimtazama yule mtoto wa twiga akila majani ya mti mmoja na mama yake, vichwa vimekaribiana. Alitazama muda mrefu. Nilimweleza kuhusu shingo ya twiga na mazingira ya nyika. Hakusikiliza.

Tukatafuta kivuli. Niliwagawia vibakuli vyao, nikasimama pembeni nione. Ciku alifungua kifuniko akakifunga tena.

Hapo ndipo Salah alipokuja. Sikumwita. Aliketi chini karibu na Ciku, akamsalimu, akamuuliza ana nini humo. Ciku akafungua. Salah akasema bismillahi, akatia mkono kwenye bakuli la binti yangu, akachukua kiazi, akala. Ciku akachukua kiazi, akala. Wakaendelea hivyo, yeye kimoja, huyu kimoja, wakizungumza habari za taa za tuktuk, mpaka bakuli likabaki na mchuzi tu. Kisha wakaupangusa mchuzi kwa kipande kimoja cha mkate.

Nilimwonea Salah hasira kidogo, maana alikula nusu ya chakula cha mtoto. Lakini mwalimu lazima aone ukweli hata ukija na mtu asiye na adabu. Ciku alikula nusu nyingine yote! Kwa nini?

Nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Jibu ni hewa. Mtoto huyu anahitaji kula nje.

Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Nimehamishia meza nje.

Nilifanya kazi ya kweli. Meza uani, viti vitatu, kitambaa, mawe manne ya kuzuia kitambaa kisipeperuke. Nilipika kuku mzima, wa kienyeji. Niliwaweka watoto kwenye viti, nikawapakulia, nikarudi nyuma hatua kadhaa ili nisiwazibie hewa.

Sikuwaza juu ya korongo. Mtu anayekaa Garissa anawazoea, wale wakubwa wenye upara wanaosimama kwenye mapaa kama maafisa waliostaafu. Mmoja alikuwa kwenye tangi la maji la Khalif. Alishuka bila haraka yoyote. Alitembea hadi mezani, akatazama sahani ya buluu, akatazama ya njano, akachukua paja la kuku kutoka kwenye bakuli la katikati, na akaondoka nalo angani.

Mwiti alipiga makofi. Ciku akaniuliza kama yule ndege ndiye aliyepewa kiti cha tatu. Nilipoingia kutafuta ufagio, korongo wawili zaidi walishuka, na nilipotoka watoto walikuwa wamekwisha pita kwenye bati. Nilisikia Mulki akiwanawisha mikono.

Nilikaa kwenye kile kiti cha tatu peke yangu uani. Meza ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nilikula shingo.

Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Siku mbili sikuandika. Nimejaribu uji wa ulezi, nimejaribu maziwa ya ngamia, nimejaribu kumwambia Ciku kwamba kila kijiko ni gari la moshi. Alisema gari la moshi haliingii mdomoni. Ni kweli.

Leo alilala mchana, nikamkaribia polepole. Nikamshika mkono juu ya kiwiko kwa vidole viwili, kama anavyofanya mama yake. Nikabana taratibu. Sijui kinachotakiwa kusikika. Ulikuwa mkono tu, wa moto kidogo, na mchanga kwenye kunjo. Nilikaa nimeushika.

Nilianza kufikiria nyumba ilivyokuwa kabla yao, nikaona niache. Nilitoa begi lao chini ya kitanda kuangalia kama zipu inafanya kazi, kwa ajili ya safari ya Nkubu. Inafanya. Nikalirudisha nyuma kabisa, ukutani, mahali ambapo Nkirote hawezi kufika bila kuinama sana.

Mulki alinikuta langoni jioni. Aliuliza Mama Ciku anakuja lini. Nikamwambia Jumamosi, na sijui kwa nini, nikamweleza na mambo ya Nkubu. Kisha akasema Ciku ni mtoto ya nyumba yake pia, na kama ni chakula, chakula hakuna neno. Akanialika tena nije nikae mkekani na watoto. Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba baba hali kabla watoto hawajashiba. Alinitazama kwa huruma, nadhani alivutiwa na msimamo wangu.

Mpango wa Jumamosi uko tayari. Kama mwili haujanenepa, kuna njia nyingine za kuonekana umenenepa.

Jumamosi, tarehe 15 Agosti

Niliamka mapema nikakanda unga wa chapati. Kuku wawili safari hii, nikiwalinda ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Mchicha. Wali mdogo wa xawaash. Nilipanga kila kitu mezani.

Kisha nikamvika Ciku. Gauni la kanisani, juu yake gauni la shule, juu yake sweta la sufu ambalo mama mkwe alituma kutoka Nkubu. Alipendeza. Alikuwa wa mviringo. Alikuwa pia amelowa jasho mpaka nywele zimeganda, maana jua la leo lilikuwa la kukausha nyama.

Nkirote aliingia na vumbi la barabara usoni. Ciku alimkimbilia, kwa kadiri mtu aliyevaa hivyo anavyoweza kukimbia. Nkirote alimwinua, akamtazama, akanitazama. Akakaa chini akaanza kumvua. Sweta. Gauni. Gauni. Kila kimoja alikikunja na kukiweka kando. Nilitamani angenifokea. Mwisho akabaki na mtoto wake mwembamba wa siku zote, mwenye vipele vya joto shingoni. Akamshika mkono juu ya kiwiko. Akaomba maji ya kumwogeshea.

Tulikaa kula. Yaani wao walikaa, Mwiti akiwa mapajani mwa mama yake. Niliwapakulia wote watatu, nikampa Nkirote mnofu wa kifuani, nikasimama mlangoni pangu na kitambaa begani. Mwiti akala chapati. Ciku aliikata yake vipande vidogo, akavipanga, akanitazama.

Nkirote alimuuliza, kwa sauti ile anayowaulizia wagonjwa, kwa nini hapendi chakula cha baba. Ciku akasema anakipenda. Nkirote akauliza basi kwa nini hali.

Ciku alifikiri. Akasema, "Baba hakuli na sisi. Baba natuangalia tu."

Nkirote aliacha kula. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike uso wake haukuwa wa kazini. Akavuta kiti cha tatu. "Muriuki," akasema, "kaa chini ule."

Nikasema nitakula baadaye. Akasema sasa. Nikakaa. Nilijiona mkubwa kupita kiasi, magoti yanagonga meza. Nkirote akaniwekea paja. Nilikuwa na njaa ya wiki mbili, sikujua. Nilikula kama mvulana wa bweni, mchuzi kidevuni. Ciku alinitazama mdomo wazi. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akararua kipande cha paja langu, akala. Akarudi tena. Alimaliza lile paja, akamaliza chapati yake, akaanza chapati yangu. Nkirote aligeuka dirishani akajipangusa macho kwa upindo wa leso. Nami yangu yalikuwa yameloa, nikasingizia vitunguu.

Jioni aliniambia uamuzi. Watoto wanabaki Garissa. Watajaribu muhula huu mmoja, naye ataangalia tena likizo ya Desemba. Akasema anamshukuru Mungu kwa ajili ya Mulki. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Nilitoka nje nikasimama gizani kidogo kwa furaha.

Jumatatu, tarehe 17 Agosti

Nkirote amerudi Dagahaley tangu jana. Nina likizo iliyobaki na muhula mzima wa kuthibitisha kwamba hakukosea kuniachia watoto. Safari hii sibahatishi.

Nimelitafakari neno la Ciku. Baba anatuangalia tu. Mtoto huyu ana akili kuliko walimu wengi ninaowajua. Ni kweli, nani anaweza kumeza huku anatazamwa? Hata wavulana wa bwaloni hula haraka ili niwaondokee. Siku zote nilikuwa nahangaika na ndizi na hewa, kumbe tatizo ni kwamba nilikuwa naonekana.

Hivyo basi, nimetundika pazia kwenye mlango wa jikoni. Zito, la kahawia, linafika sakafuni. Katikati nimetoboa kitundu cha jicho moja.

Mchana niliwapakulia wali na nyama. Nikawaambia baba ana kazi, wale bila wasiwasi wowote, hakuna anayewaangalia. Nikaingia nyuma ya pazia. Sahani yangu niliiacha juu ya jiko, ya baadaye.

Mwiti alianza mara moja. Ciku hakuanza. Alishuka kwenye kiti chake, akakivuta kile kiti cha tatu mpaka kikagusana na chake, akakipangusa kwa kiganja. Akatoa kipande cha nyama kwenye sahani yake, kikubwa kuliko vyote, akakiweka mezani mbele ya kiti hicho. Kisha akapanda akakaa, mikono mapajani, akitazama upande wa jikoni. Mwiti alipotaka kukichukua kile kipande, alimpiga kofi dogo la mkono akamwambia si chake.

Chakula chake kilipoa, naye hakigusi. Ilikuwa wazi kwamba anamngoja mtu. Mimi sikuwa nimemwalika yeyote. Nikasimama nyuma ya pazia, njaa ikinikata, bila hata kukohoa, nione ni nani. Hakuja mtu.